Kukaa Eda Si Kukaa Kitako



Leo naomba radhi kwa mama zetu na dada zetu, kwani nitazungumza jambo la nyumbani kwangu. Mwenyewe amenipa idhini. Ni dada yangu mkubwa, aliyenishika mkono kunipeleka chuoni siku ya kwanza, na amesema: "Andika, huenda likamfaa mwanamke mwenzangu."

Dada yangu ana umri wa miaka 67, na makazi yake ni Msambweni. Mwaka jana alifiwa na mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Akakaa eda miezi minne na siku kumi kama sharia ilivyoamuru. Katika muda huo sisi jamaa zake tulishindana kumtumikia. Godoro lilitandikwa chumbani, na chumba kile kikawa ndio ulimwengu wake. Maji aliletewa, chakula aliletewa, na nguo zake zilifuliwa na wengine. Akinyoosha mkono kuuchukua ufagio, wakaza wanawe humnyang'anya kwa mapenzi. Mwanawe aliyeko Muscat alileta fedha aajiriwe msichana wa kazi, kisha akanipigia simu: "Mjomba, mama asiguse kitu." Nikamjibu, "Hagusi, mwanangu." Naam, nilimjibu kwa fahari, nikidhani tunatenda wema uliotimia.

Eda ikesha. Siku ya tatu dada yangu alikaa juu ya kibao cha mbuzi kukuna nazi, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 50. Nazi ilikunwa vizuri. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Aliweka mikono chini, akajaribu, akarudi palepale. Ikabidi wajukuu wawili wamwinue. Tangu siku hiyo akawa anaswali juu ya kiti cha plastiki, kwa kuwa akishuka kusujudu hana uhakika wa kusimama tena. Watu wakasema ni huzuni, wengine wakasema ni uzee, na wengi wakayalaumu magoti.

Kwa sababu ya magoti hayo tulimpeleka hospitali, na daktari akaagiza goti lipigwe picha ya ultrasaundi. Mpiga picha alikuwa binti wa makamo, mwenye adabu. Mkaza mwana aliingia na mkwewe, nami nikabaki nje ya pazia. Binti alipomaliza goti alisema limechakaa kwa kiasi kinachotazamiwa kwa umri ule. Kisha akakisogeza chombo chake juu kidogo, katikati ya paja, akanyamaza. Akamwomba ruhusa mkaza mwana, ambaye hajafika miaka 30, amwekee naye chombo mahali palepale. Nikamsikia akisema: "Mama, tazama. Huu ni msuli wa mwanao, na huu ni wako. Wako haufiki hata nusu ya huu." Baada ya hapo alimtaka dada yangu akunje mikono kifuani na ainuke kitini mara tano. Aliinuka mara mbili. Ya tatu haikuwezekana.

Maneno ya yule binti ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Alisema: "Goti si lenye kosa peke yake. Msuli huu umekosa kazi."

Tuanze na chombo chenyewe, kwani akina mama wengi wanakijua kwa kutazamia mimba tu. Wavuvi wetu wa Gazi, Shimoni na Vanga wamewahi kuona katika mashua kubwa kile chombo cha kutafutia samaki: hupeleka sauti chini ya maji, na sauti ikigonga samaki au mwamba hurudi kama mwangwi. Ultrasaundi ni kazi ya namna hiyohiyo mwilini. Sikio la binadamu husikia sauti isiyozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sauti ya mashine hii ina mitetemo mamilioni kwa sekunde, nasi hatuisikii kabisa. Ngozi hupakwa jeli ili hewa isizuie sauti kupenya. Kila tabaka la mwili, yaani mafuta, msuli na mfupa, hurudisha mwangwi wake, na mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Hakuna miale ya eksirei ndani yake, na ndiyo maana inatumika hata kwa mama mwenye mimba. Aliyeifungulia njia katika tiba ya wanawake ni tabibu Ian Donald wa Glasgow, Scotland, aliyeanza majaribio yake kwa mashine za viwandani zilizotumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma, kisha yeye na wenzake wakaitangaza kazi yao mwaka 1958.

Katika picha hiyo, mfupa wa paja huonekana kama mstari mweupe uliopinda, na juu yake umelala msuli, wenye rangi ya giza iliyopitiwa na nyuzi nyembamba nyeupe. Mtaalamu hupima unene wake kutoka mfupani hadi juu. Hutazama pia weupe wake: msuli ulioingiliwa na mafuta na nyuzi ngumu huzidi kung'aa, na ule wenye siha huwa na giza zaidi. Hivyo mambo mawili husomeka kwa pamoja, wingi wa msuli na ubora wake.

Je, unene una uhusiano gani na nguvu? Swali hili lilijibiwa zamani. Mwaka 1968, Wajapani wawili, Michio Ikai na Tetsuo Fukunaga, waliwapima kwa ultrasaundi watu wazima na vijana 245 wenye afya, wake kwa waume, wakapima msuli unaokunja mkono na nguvu ya mkono huo. Walikuta kwamba nguvu hufuata ukubwa wa msuli, na kwamba kila sentimita moja ya mraba ya msuli ilitoa nguvu ya kilo 6 na kidogo. Na hapa dada zangu nasikizeni vyema: sentimita ya mwanamke haikuwa dhaifu kuliko ya mwanamume. Mwanamume amezidi kwa wingi wa nyama. Nyama yenyewe ni ile ile.

Mwaka 1984 Archie Young na wenzake huko Uingereza walichapisha kipimo kingine kinachotuhusu zaidi. Walichukua wanawake 25 wenye afya waliokuwa katika miaka yao ya sabini na wengine 25 waliokuwa katika miaka ya ishirini, wakawapima msuli wa mbele ya paja kwa ultrasaundi na nguvu yake kwa mashine. Msuli wa akina bibi ulikuwa mdogo kwa asilimia 33, na nguvu yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 35. Utaona kwamba hesabu mbili hizi zinakaribiana mno. Yaani tunachokiita "nguvu zimeniishia" kina mahali pake mwilini, kinaonekana kwa macho na kinapimika kwa rula.

Lakini nisije nikawapeleka mbio hospitalini. Picha hii ina mipaka, na ni haki kuieleza. Kwanza, mkono wa mpimaji ukikandamiza sana, msuli hubonyea na kuonekana mwembamba. Akibadilisha mahali kidogo, kipimo hubadilika. Kwa hiyo kipimo cha leo hulinganishwa na cha kesho pale tu kilipochukuliwa mahali pamoja na kwa namna moja. Pili, nguvu si unene peke yake. Watafiti kutoka Japani na Finland waliwapima wakimbiaji wetu mashuhuri wa mbio ndefu, Wakenya, kwa ultrasaundi huku wakirukaruka. Walikuta kano ya kisigino chao ni ndefu kuliko ya Wajapani waliolinganishwa nao, na misuli ya mguu wa nyuma haikujikunja na kujinyoosha sana. Kano ndiyo iliyovutika na kurudi kama mpira. Ukiitazama miguu ile myembamba bila ya kujua, utaidhania dhaifu.

Tatu, nguvu inaweza kurudi kabla picha haijabadilika sana. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha habari ya wazee kumi waliokuwa katika nyumba ya kulea wazee, wenye umri kati ya miaka 86 na 96. Walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu muda wa wiki 8 chini ya uangalizi. Tisa walimaliza. Walipopigwa picha, safari hii kwa mashine ya CT, msuli wa paja ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 9. Nguvu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Neva huzindukana kwanza na kukumbuka namna ya kuuamrisha msuli, kisha nyama hufuata polepole. Ikiwa mtu wa miaka 90 amerudishiwa kiasi hicho, ni nani wa miaka 60 atakayesema muda umempita?

Na kinyume chake ni cha kuogofya. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee 12 wenye afya kwa siku 10 tu. Hawakuwa wagonjwa. Walilala tu, wakilishwa na kuhudumiwa. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi! Dada yangu tulimkalisha siku zaidi ya mia moja na ishirini, na majonzi yamemkatia hamu ya chakula.

Hapa ndipo pana neno langu la leo. Lugha yetu husema "kukaa eda", nasi tumelichukua neno kukaa tukaliweka juu ya godoro. Sharia ilimtaka mjane asubiri asiolewe, abaki katika nyumba yake asitoke bila ya haja, na aache mapambo na manukato. Haikumkataza kufagia uwanja wake. Haikumkataza kupika, kufua, kukuna nazi, kutembea ndani ya ua wake asubuhi na jioni, wala kusimama na kuswali sunna kadiri awezavyo. Godoro, mlango uliofungwa na mikono iliyozuiwa kazi ni mila yetu sisi, na mila ikimdhuru mja haina haki ya kuvaa kanzu ya dini. Mjane ana huzuni ya kumtosha. Tusimwongezee udhaifu.

Wala si mjane peke yake. Pwani yetu hii tuna desturi ya kumheshimu mzazi kwa kumkalisha. Kijana akipata kazi hotelini Diani au ng'ambo, wema wa kwanza anaomfanyia mamake ni kumwambia apumzike. Wakati huohuo, ukienda Kibuyuni utawakuta akina mama, baadhi yao ni wakongwe, wakiingia baharini maji yakitoka kufunga mbegu za mwani na kubeba magunia ya mavuno. Sisemi kazi ile ni nyepesi wala simwombei mama yeyote taabu. Nasema kuna njia ya katikati baina ya kumchosha mama na kumnyang'anya mwili wake. Muulize anachopenda kufanya, kisha mwachie akifanye. Kumwondolea ndoo ya lita 20 ni rehema. Kumwondolea kikombe cha chai mkononi ni kumpunguzia uhai.

Sasa, mtu mwenye afya aende kupigwa picha ya msuli? Sioni haja hiyo kwa walio wengi. Picha ina faida kwa mgonjwa ambaye daktari anataka kufuatilia msuli wake, na kwa watafiti. Wewe nyumbani una kipimo kisicho na gharama. Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, na mtu asimame karibu nawe. Kunja mikono kifuani, kisha inuka wima na ukae, mara 5, huku mwenzako akihesabu muda. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao uliochapishwa mwaka 2019, walisema mtu mzima anayechukua zaidi ya sekunde 15 ana dalili ya upungufu wa nguvu. Waliweka pia kipimo cha mkono: mwanamke ambaye nguvu yake ya kufumbata haifiki kilo 16, na mwanamume asiyefikia kilo 27, waangaliwe. Ukishindwa, au ukiona mguu mmoja umedhoofu ghafla kuliko mwenziwe, usijitibu. Nenda kwa daktari, kwani huenda pana sababu nyingine.

Na ikiwa daktari ataagiza picha, msiogope kuhusu sitara. Paja ni sehemu ya kusitiriwa, na mnayo haki ya kuomba mpiga picha mwanamke, kuingia na jamaa yenu, na kufunuliwa mahali panapohitajika tu, pengine pakafunikwa kwa leso. Akikosekana mwanamke, haja ya tiba humruhusu tabibu mwanamume kwa kadiri ya haja hiyo, pasipo kuzidisha. Lakini kufunua mwili kwa ajili ya udadisi, hali unaweza kujipima juu ya kiti na nguo zako zote, sioni dharura yake.

Kuhusu swala ya kitini, nitasema kwa upole, kwa kuwa najua wengi wana maumivu ya kweli. Kiti ni ruhusa kwa asiyeweza, na hakuna wa kumfanyia hukumu mwenziwe katika safu. Illa ruhusa isigeuke kuwa makao. Anayeweza kusimama na asiweze kusujudu, asimame panapostahili kusimama, kisha akae. Na aliyedhoofu kwa kukosa kazi ajitahidi kurudi sakafuni hatua kwa hatua. Amejiazima kiti, hajakinunua.

Dawa aliyopewa dada yangu na mtaalamu wa viungo ilikuwa rahisi hata nikaona haya. Kuinuka kitini mara chache, mara tatu kwa siku, kwanza kwa kujisaidia na mikono, kisha bila ya mikono. Kupumzika siku akihisi maumivu makali. Na kila wiki kuongeza kidogo. Kutembea uani. Na kula. Hili la kula lilinifichulia siri nyingine: mama huyu chakula chake cha mchana na jioni kilikuwa chai na mahamri, na kipande cha samaki alikuwa akiwagawia wajukuu. Akina mama wengi hufanya hivyo na kukiita kushiba. Msuli haujengwi kwa chai. Unataka samaki, mayai, maziwa, maharagwe, kunde, pojo au mbaazi, kila siku na kwa kipimo cha kutosha, isipokuwa kwa mgonjwa wa figo, ambaye daktari wake ndiye wa kumpimia. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kisitobolewe chini.

Leo ni mwezi wa nne. Dada yangu anainuka kitini mara tano bila ya mikono, kwa sekunde 18. Jana alinihesabia mwenyewe kwa simu ya mjukuu wake. Anaswali kwa kusimama, na sijida anaishuka katika rakaa mbili za alfajiri. Kibao cha mbuzi bado kinamshinda, nasi tumekiinua juu ya tofali mbili mpaka siku yake ifike.

Mwanawe wa Muscat bado hajaridhika. Juzi alinipigia, "Mjomba, nimesikia mama anafagia uwanja. Fedha ninazoleta hazitoshi?" Nikamwambia zinatosha, na kwamba sehemu yake sasa inanunua samaki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atalifikiri. Nami namwombea alifikiri kabla hajarudi kwa likizo, kwa sababu nimekwisha kumwambia mamake: siku ile mwanao akifika mlangoni, usimngoje umekaa. Inuka umpokee.